Mirija Tisa ya Matope, Kutoka Ghubani Hadi Magogoni

Tangu nirudi Magomeni simu yangu haipumziki. Mmoja ameambiwa nilishushwa kwenye basi kwa sababu ya harufu. Mwingine amesikia nimeonekana Mnazi Mmoja nikimfuata mzee wa Kichaga aliyebeba kreti la soda kwa uangalifu kama wa mtu anayebeba mtoto mchanga. La kwanza limeongezwa chumvi, la pili ni kweli tupu. Naandika mara moja ili tusome wote, maana nimechoka kuanza upya kwa kila anayepiga.

Kazi yangu mnaijua kwa juu juu: fundi wa maabara, kwenye jengo lile la zamani nyuma ya Magogoni. Tunapima maji ya bahari na matope ya chini yake. Kwa kawaida matope huletwa na wengine, mimi nayapokea nikiwa nimevaa koti jeupe. Safari hii niliyafuata mwenyewe, kwa sababu yalikuwa ya kwetu.

Ghubani

Kijiji chetu kiko kusini kidogo ya Kilwa, kwenye ghuba yenye mikoko pande mbili. Aliyenilea pale ni mama yangu mdogo, Somoe, na aliyenisomesha ni mwani wake. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima mwani kwenye maji mafupi. Sasa miaka hii ya karibuni sakafu ya ghuba imekuwa nyeusi na inanuka. Chaza wamepungua. Watu wakaanza kusema mwani ndio unaooza na kuua bahari, na mkutano wa kijiji ukapangwa kuamua kama wanawake waondolewe.

Nilifika alasiri, maji yakiwa yametoka. Mama mdogo alikuwa ameshakunja kanga na kushika ndoo.

"Umekuja kutuzika au kututibu?" akaniuliza baada ya kuitikia shikamoo yangu.

"Nimekuja kupima, mama."

Tukaingia kwenye tope hadi magotini. Nilikuwa na mirija tisa ya plastiki inayoonyesha ndani, kila mmoja mrefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na vizibo vya mpira juu na chini. Unausukuma mrija taratibu kwenye tope, unaziba juu, unautoa, unaziba chini. Tope linabaki vilevile lilivyokaa, tabaka juu ya tabaka, na juu yake maji kidogo ya bahari. Mitatu tulichukua chini ya kamba za mwani, mitatu pembeni mwa mikoko, na mitatu kwenye mdomo wa mfereji unaotoka pale wanapopara samaki magamba. Kila kundi nikalifunga utepe wa rangi yake, la mwani nyekundu.

Mama mdogo aliuinua mmoja wa mwani akautazama dhidi ya jua. Juu tope lilikuwa la kahawia, unene wa kucha. Chini yake lote jeusi tii.

"Hili limekufa," akasema polepole.

"Halijafa. Limekosa hewa tu. Humo ndani mna vijidudu, huwezi kuviona kwa macho, vinaishi bila oksijeni."

"Vinavuta nini sasa?"

"Mbolea. Ile nitrati inayoletwa na maji ya mashambani na taka. Vingine vinaivuta na kuigeuza gesi, ileile gesi iliyojaa hewani, ikapanda zake juu ikaisha. Hapo bahari inajisafisha. Lakini tope likizidiwa na uozo, vinakuja vijidudu vya namna nyingine. Hivyo haviiondoi mbolea, vinaigeuza amonia na kuirudisha majini. Inaotesha uchafu wa kijani tena, uchafu unaoza, mbolea inarudi. Ndiyo maana hatuwezi kujua kwa rangi wala kwa harufu. Lazima tuvilishe nitrati tuliyoiwekea alama, tuone inatokea wapi."

Akanirudishia mrija. "Na wewe unadhani chini ya mwani wangu ni vipi?"

Nilitaka kumwambia neno la kumfurahisha. Nikamwambia sijui.

"Afadhali," akasema. "Wenzako wote hapa wanajua."

Usiku ule mirija ililala kivulini uani, wima, ndani ya kreti la soda. Kreti la soda ni kitu kizuri sana kwa kazi hii, kila mrija ulipata tundu lake. Masharti yalikuwa manne: isilale, isitikiswe, isipate joto, isiingie hewa. Na ifike maabara kabla jua halijazama siku ya pili, maana baada ya hapo vijidudu vinakuwa vimekula akiba yao na majibu hayaaminiki tena.

Barabara ya kusini, mpaka tairi lilipopasuka

Gari la maabara lilikuwa gereji, kwa hiyo nilipanda basi alfajiri. Kreti nililifunika gunia bichi nikaliweka miguuni. Pembeni yangu alikaa mama mnene mwenye kitenge cha zambarau, aliyetoka kumtembelea binti yake anayefundisha shule Kilwa. Nikamwamkia, akaitikia, akajifunika uso na mtandio akalala.

Kufika Somanga basi lilisimama watu wanunue samaki wa kukaanga. Nilinunua changu mmoja nikamla na muhogo, nikajiona safari imenyooka. Tulipoondoka na madirisha yakafungwa kwa sababu ya vumbi la matengenezo ya barabara, harufu ikapanda. Mnaifahamu harufu ya tope la mikokoni. Ni ya mayai viza hasa.

Bahati mbaya, kiti cha nyuma yetu alikaa kaka mmoja na trei la mayai ya kuchemsha.

"Wewe kaka, mayai yako yameoza," mtu akasema.

"Nimeyachemsha asubuhi hii."

"Basi uliyachemsha yakiwa yameoza."

Watu wakacheka. Yule kaka akamenya yai moja akalila mbele yao kuthibitisha. Harufu ikabaki palepale. Konda akaja akilalamika, akamwambia akitaka kuendelea na safari ayatupe nje. Kaka akaanza kukusanya trei lake huku ameinamisha kichwa, na mimi nikashindwa kunyamaza.

"Si mayai," nikasema. "Ni mzigo wangu. Samahanini sana."

Mama wa pembeni yangu akafunua mtandio. "Wewe binti umekaa na hiyo kitu miguuni kwangu tangu asubuhi?"

"Ni matope, mama."

"Ya uso?"

Sikumwelewa. Kumbe alidhani ni yale matope ya urembo, ya kupaka usoni kulainisha ngozi. Akataka kuonyeshwa. Nilipofunua gunia, watu watatu wakasimama kwenye viti kuchungulia. Konda aliamua papo hapo kwamba kreti liende kwenye buti, tena lilazwe, kwa kuwa mle chini hamna nafasi ya kusimama. Nikamweleza kwamba yakilala yanachanganyika na kazi yote inaisha. Akasema yeye kazi yake ni abiria.

Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya, haraka haraka, nikichanganya mwani na bakteria na mkutano wa kijiji. Lakini nilipofika kwa mama mdogo na wenzake ambao kijiji kinataka kuwaondoa majini, yule mama akainua mkono.

"Konda, ngoja kwanza. Hawa ni akina mama wanataka kunyang'anywa shamba?"

"Ndiyo, mama," nikajibu mimi.

"Na ushahidi wao ndio huu unaonuka?"

"Huo."

"Basi fungueni madirisha tule vumbi." Akalivuta kreti likae katikati yetu, akaweka mguu mmoja huku na mwingine kule kulibana. "Mimi naitwa Mama Manka. Nina duka Kariakoo. Tangu mwaka juzi tumehamishwa mara mbili na wenye majengo, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutupima kitu."

Kaka wa mayai alinimenyea mawili.

Nusu saa baadaye, tukiwa hatujafika hata Muhoro, tairi la nyuma likapasuka. Basi liliyumba, na mimi na Mama Manka tukalikumbatia kreti kwa pamoja mpaka vichwa vyetu vikagongana. Mirija ilisimama. Ila la akiba lilikuwa halina upepo, kwa hiyo tulikaa pembeni mwa barabara karibu saa tatu. Tulilipeleka kreti chini ya kivuli cha basi lenyewe, na jua likisogea tunalisogeza. Maji ya kunywa ya abiria ndiyo yaliyolowesha gunia. Mzee mmoja aliyekuwa amelalamika kuliko wote ndiye alimimina chupa yake ya mwisho.

Mbagala

Tulishuka Mbagala saa nane mchana badala ya saa tano. Simu ya Daktari Kapinga ilinikuta nikiwa bado na mguu mmoja kwenye ngazi. Huyo ndiye mkuu wangu wa kazi, mama mtaratibu asiyepaza sauti, na siku akiongea haraka ujue kuna jambo.

"Zuhura, mtungi wetu wa agoni umeisha. Tuliyemwagiza anasema wiki ijayo. Huwezi kupata kwa mafundi wa kuchomelea?"

Agoni ni gesi tunayoitumia kufukuza hewa kwenye vichupa kabla ya kuweka tope. Naitrojeni, ile gesi iliyojaa hewani, ingekuwa rahisi kupatikana, lakini huwezi kuitafuta naitrojeni ndani ya chupa uliyoijaza naitrojeni. Mafundi wanaochomelea alumini na vyuma visivyoshika kutu wanatumia agoni. Na mafundi hao wako mtaa wa Gerezani, jirani kabisa na Kariakoo.

"Twende zetu dukani," akasema Mama Manka nilipomweleza. "Matope yatakaa kwa mume wangu, wewe utatafuta gesi yako."

Tukachukua bajaji. Mama Manka akamwonya dereva kwamba akirukia shimo hata moja atamshtaki kwa mama yake mzazi. Kijana wa watu aliendesha kama anapeleka bibi harusi.

Kariakoo, dukani kwa Baba Manka

Duka lao liko mtaa wa Mchikichi, la jumla, la vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni, madeli, viti vilivyopandana hadi dari. Baba Manka ni mtu mrefu, mwembamba, mpole. Kabla hujamaliza sentensi ameshakubali. Nilimwamkia, akaniitikia kwa mikono miwili.

Pale dukani kulikuwa na joto la kuokea mkate. Wapagazi walipita na marobota vichwani, wakipiga mluzi watu wapishe, na kila robota lilipogusa mlango nilijisogeza kulikinga kreti. Tukaliweka kreti nyuma kabisa, sakafuni, kati ya nguzo mbili za ndoo.

"Baba," nikamwambia, "naomba lisiguswe. Na yasipate joto kabisa. Yakae baridi."

"Yakae baridi," akarudia.

"Yakae baridi, tafadhali. Ndiyo uhai wake."

Nilirudia mara mbili, kwa ukali kidogo, kama tunavyowaambia wanafunzi. Kwangu mimi baridi ni ile ya kivulini, ya gunia bichi. Sikusema hivyo. Nilidhani nimeshasema.

Mama Manka hakukubali nitoke bila kula. Akaagiza mtori, ule uji wa ndizi na nyama, kwa jirani, mabakuli mawili, na alipoona nasita akasema, "Nyama ni halali, ya buchani kwa Shee, hapa mtaani tunakula wote, kula." Nikala nimesimama. Ulikuwa mzito, wa moto, nikaumaliza wote.

Gerezani na kurudi

Karakana tatu za kwanza hawakuwa na agoni. Ya nne walikuwa nayo lakini imechanganywa na gesi nyingine. Kwenye ya tano nilimkuta fundi mmoja, Selemani, amevaa miwani myeusi, anaunganisha reli ya ngazi.

"Unachomelea nini, dada?"

"Matope."

Akazima moto. "Matope hayachomelewi."

"Najua. Nataka tu yasiguswe na hewa."

Alitafakari kidogo, akaangalia kazi iliyokuwa mbele yake. "Ndiyo kazi yake hata hapa," akasema. "Chuma kikiwa cha moto hewa ikikigusa kinaharibika. Gesi inakaa juu yake kama blanketi." Mtu huyu hakuwahi kuingia maabara maishani mwake na alikuwa ameeleza kazi yangu vizuri kuliko nilivyoweza mimi kwenye basi. Alikuwa na mtungi mdogo uliobaki nusu. Akasema niutumie niurudishe, akaandika namba yangu ukutani kwa chokaa.

Nilirudi Mchikichi na mtungi juu ya mkokoteni, nikiwa na furaha. Nilikuwa nimetumia karibu saa mbili.

Kati ya zile nguzo za ndoo, kreti lilikuwa na mirija mitano.

"Baba, mingine iko wapi?"

Baba Manka alikuwa akitabasamu. "Nimeipeleka kwa jirani, kwenye friza la vinywaji. Ilibaki nafasi ya minne tu, nilikuwa nasubiri soda zipungue niiweke na hii."

Sikumbuki nilivyofika kwa jirani. Nakumbuka kifuniko cha friza kilivyokuwa kizito. Mirija minne ilikuwa imelazwa kati ya chupa za maji, ukungu mweupe umeifunika. Maji ya juu yalishakuwa uji wa barafu, na tope lilikuwa limepasuka na kuachana na ukuta wa mrija. Mitatu ilikuwa yote ya mikokoni. Wa nne ulikuwa na utepe mwekundu, wa mwani.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pale barazani kwa jirani. Baba Manka alinifuata akasimama mbele yangu, na nadhani alielewa kwa kuniangalia tu.

"Nimeyaua," akasema.

Nilitaka kumjibu ndiyo. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilikumbuka nilivyomwambia, yakae baridi, yakae baridi, mpaka mtu wa watu akaenda kumsumbua jirani ahamishe soda zake.

"Nilikwambia vibaya, baba," nikasema. "Nilipaswa kukwambia kivulini."

Hakukubali kufarijiwa. Aliketi chini kwenye ngazi, yeye na urefu wake wote, akashika kichwa. Nikampigia Daktari Kapinga nikamweleza bila kupunguza kitu.

"Ya mwani imebaki mingapi?"

"Miwili."

"Miwili ni michache, lakini ni zaidi ya hakuna. Mfereji?"

"Yote mitatu."

"Ilete. Na Zuhura, usikimbie. Ukikimbia utaitikisa."

Nilipokata simu Baba Manka alikuwa ameshasimama, amekunja mikono ya shati.

"Naibeba mimi," akasema. "Mpaka mlangoni kwa huyo daktari."

Mnazi Mmoja

Siku hiyo kulikuwa na maonyesho ya wajasiriamali viwanjani, na matarumbeta, na vikundi vya ngoma, na barabara za kuzunguka zilifungwa magari yasipite. Bajaji zote zilikataa. Tulikwenda kwa miguu: mbele mwenye mkokoteni na mtungi wa gesi, katikati Baba Manka na kreti kifuani, nyuma mimi na chupa ya maji ya kulowesha gunia. Mama Manka alifunga duka mapema, jambo ambalo majirani walilishangaa, akaja naye kutufungulia njia.

"Jamani tupisheni, mgonjwa," alikuwa akisema.

Watu walitupisha. Mtu mmoja akachungulia kreti akauliza mgonjwa yuko wapi.

"Ndiye huyu mweusi," akajibu bila kugeuka.

Tulipokaribia jukwaa, ngoma zilikuwa kali mno. Nikatazama mirija nikaona kitu sijawahi kukiona: maji ya juu yalikuwa yanatetemeka kwa miduara midogo, kila pigo mduara. Tope la kahawia lile la juu, laini kama poda, likaanza kupanda kidogo. Nikamwambia Baba Manka tuondoke upande ule. Akageuka, na palepale kundi la watu waliokuwa wakicheza kinyumenyume likamwingia mgongoni.

Alianguka. Lakini niliona jinsi alivyoanguka. Angeweza kutanguliza mikono, kila mtu hutanguliza mikono. Yeye alishuka kwa magoti yote mawili, kwenye lami, mgongo umenyooka, na kreti likabaki kifuani palepale, wima. Suruali ilichanika gotini na damu ikaonekana.

"Imelala?" akaniuliza akiwa bado amepiga magoti.

"Haijalala, baba."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Wale wachezaji walimwinua kwa kwapa, wakiomba radhi, halafu wakajipanga pande mbili kama askari wa gwaride wakatusindikiza mpaka upande wa pili wa viwanja. Huko ngoma zikasikika kwa mbali, na maji ndani ya mirija yakatulia.

Magogoni

Saa kumi na mbili kasorobo tulipanda ngazi za jengo letu, ghorofa mbili, hatua moja moja. Daktari Kapinga alikuwa amesimama mlangoni na glavu mkononi. Akaliangalia kreti, akaliangalia goti.

"Shikamoo, baba. Keti hapo nikusafishe hicho kidonda."

"Matope kwanza," Baba Manka akasema.

Kwa hiyo tukaanza na matope. Nilifungua agoni ya Selemani, tukafukuza hewa kwenye vichupa, tukakata tope tabaka kwa tabaka na kuliweka, kisha tukalilisha ile nitrati yenye alama. Alama yenyewe ni uzito: naitrojeni yake ni nzito kidogo kuliko ya kawaida, na mashine yetu inapima gesi kwa uzito, kwa hiyo ikitoka kama gesi tutaijua ni ileile tuliyoiweka. Baba na Mama Manka walikaa kwenye benchi la wanafunzi, kama watu wanaosubiri nje ya chumba cha upasuaji. Tulipomaliza kuviweka kwenye kabati la giza, Daktari akamfunga goti.

Kipimo cha kwanza tulikitoa asubuhi yake. Chupa ya kwanza ya mwani. Mchoro kwenye skrini ulikaa chini, chini, halafu pale penye uzito wa gesi yetu ukapanda mlima. Nikaingiza ya mrija wa pili. Mlima mwingine, mfupi kidogo, mahali palepale. Lile tope jeusi lililokuwa linanuka basi zima lilikuwa linakula mbolea na kuitoa kama gesi safi, tena kwa nguvu.

Ya mfereji ilikuwa kinyume. Gesi kiduchu. Tulipopima amonia ndipo tukaikuta nitrati yetu yenye alama, karibu yote. Pale kwenye mdomo wa mfereji, chini ya magamba na matumbo ya samaki, sakafu ya ghuba ilikuwa imeacha kuiondoa mbolea na sasa inaizungusha tu.

Daktari Kapinga alisoma mara tatu. "Miwili si mitatu," akasema. "Na mikoko hatuna. Siwezi kuandika kwamba mwani hauna kosa. Naweza kuandika tulichokiona."

"Andika hicho," nikasema.

Baba Manka alipiga simu saa nne. Hakuuliza habari za matokeo wala za mashine. Aliuliza, "Waliobaki wamelalaje?"

"Wazima, baba. Wanapumua."

Nilimsikia akimwambia mkewe, na nikasikia dukani watu wakiuliza ni nani aliyelazwa.

Mkutano

Barua ya Daktari ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Ilisema kipimo ni cha mara moja na ni kichache. Ilisema tope lililochukuliwa chini ya mwani lilikuwa linaondoa mbolea majini, na la mferejini lilikuwa linairudisha. Ikashauri taka za samaki zianze kufukiwa nchi kavu, na uamuzi wa mwani usubiri kipimo kingine kikubwa zaidi, chenye mikoko ndani yake.

Sikuwepo mkutanoni. Mama mdogo alinipigia alasiri, na nyuma yake nilisikia watu wengi wakiongea kwa pamoja, hivyo nikajua mkutano haujatawanyika bado.

"Wamesoma barua mara mbili," akasema. "Waparaji samaki wamekasirika, wana haki yao, hakuna aliyewaambia. Nimesimama nikasema tutawasaidia kuchimba shimo, kikundi chetu chote, kesho asubuhi. Hapo wakapoa."

"Na nyinyi?"

"Tunabaki. Mpaka mje kupima tena, tunabaki. Wamenyoosha mikono."

"Wangapi?"

"Mimi sikuhesabu, mwanangu, nilikuwa natazama chini. Halafu mwenyekiti wa kijiji akaniambia, Somoe, inua kichwa uone." Akamwita mtu amsubiri, kisha akanirudia. "Nikaona."

Baadaye akaniambia lazima akate simu, majembe yalikuwa hayatoshi na alitaka kuazima mengine kabla watu hawajafika makwao.